Picha ya mauaji ya Nyangwe

Picha ya mauaji ya Nyangwe ni mchoro uliochapishwa mjini London mwaka 1874 katika kitabu cha shajara za mwisho za David Livingstone. Unaonyesha watu wenye bunduki wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Siku hizi Nyangwe ipo katika mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Habari ya mauaji hayo ilifika Ulaya na Marekani kwa barua na shajara zilizopita Ujiji na Unyanyembe, yaani eneo la Tabora katika Tanzania ya leo. Habari hiyo pamoja na mchoro ni kati ya mambo yaliyochochea kampeni dhidi ya biashara ya watumwa. Kampeni hiyo ndiyo iliyozaa Mkataba wa Brussels wa 1890, mmojawapo wa mikataba ya mwanzo ya kimataifa iliyozuia uingizaji wa bunduki katika Afrika.

Bunduki katika njia ya misafara

Njia kuu ya misafara katika karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema. Tabora ilikuwa njia panda yake. Kutoka huko misafara mingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Eneo la Manispaa ya Tabora ya leo, pamoja na kata zake kama Itetemia, Uyui na Ntalikwa, ni sehemu ya nchi hiyo ya zamani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki.

Bunduki za wakati huo zilikuwa hasa gumegume, zilizowashwa kwa jiwe, na baadaye zile za fataki. Zote ni za aina ya gobore: baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na baada ya kila mlio mpigaji huanza upya. Hata hivyo, gobore moja mbele ya watu wasio na silaha ya mbali linatosha kuleta maafa, na Nyangwe ilikuwa mfano wake. Bei yake ilishuka baada ya majeshi ya Ulaya kuanza kutumia bunduki za kujaza kwa nyuma miaka ya 1860. Maelfu ya bunduki zilizopitwa na wakati ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na nyingi ziliishia Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki.

Unyamwezi yenyewe ilibadilishwa na silaha hizo. Mirambo wa Urambo alijenga dola kwa kutegemea vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, wengi wao wakiwa na bunduki. Vita vyake na Waarabu wa Tabora vilianza mwaka 1871, mwaka uleule wa mauaji ya Nyangwe.

Mauaji ya 15 Julai 1871

Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871 akitafuta chanzo cha mto Nile. Alikwama hapo kwa karibu miezi minne kwa kukosa mitumbwi ya kuvukia Lualaba. Wakati huo alizoea kwenda sokoni, na shajara yake inaeleza soko hilo kwa furaha isiyo ya kawaida kwake: wanawake wakija na samaki, chumvi, mihogo, vyungu na kuku, wakibishana bei na kucheka. Wengi wao walivuka mto kutoka ng'ambo. Kwa desturi ya nchi, mwanamke aendaye sokoni hakuguswa hata wakati wa vita baina ya vijiji.

Siku ile ya Julai watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika. Livingstone aliwaona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki, akashangaa, kwa kuwa haikuwa desturi. Mmoja wao alizozana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Livingstone alikuwa ameanza kuondoka sokoni aliposikia bunduki mbili zikilia katikati ya umati. Watu wakatupa bidhaa na kukimbilia mitumbwi iliyofungwa katika kijito. Huko kundi jingine la watu wenye bunduki likawafyatulia kwa pamoja. Mitumbwi zaidi ya 50 ilisongamana ikashindwa kutoka. Wengi walijitupa mtoni wakijaribu kuogelea, na Livingstone aliona vichwa vikitoweka kimoja kimoja katika maji. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Siku hiyohiyo vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto.

Kiongozi wa wapigaji aliyetajwa zaidi ni Mtagamoyo, ambaye Livingstone aliandika jina lake kama Tagamoio. Hakuadhibiwa. Stanley alimkuta Nyangwe mwaka 1876 akiwa mmoja wa wakubwa wa mji. Sababu ya mauaji haikuwa kuku. Maandishi ya Livingstone yanaonyesha ushindani kati ya makundi ya wafanyabiashara: mtumwa mmoja aliyeitwa Manilla alikuwa amefanya urafiki wa damu na machifu wa ng'ambo, na watu wa Dugumbe walitaka kuonyesha kwamba urafiki na biashara viko mikononi mwao. Waliouawa hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi huo.

Kuna swali ambalo halijafungwa. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika kumbukumbu za siku hizo juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa rangi ya mimea, na maandishi hayo yalififia. Mwaka 2011 mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki ulichapisha maandishi hayo baada ya kuyasoma kwa upigaji picha wa mwanga wa aina mbalimbali. Ilionekana kwamba alipoyanakili katika shajara kubwa Livingstone alipunguza maneno makali kuhusu watumishi wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Unguja. Watafiti wakauliza kama baadhi yao walishiriki katika ukatili wa siku hizo.

Barua zilizopita Kwihara

Livingstone aliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai akarudi Ujiji mwezi Oktoba, mgonjwa na bila mali. Huko alikutwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Katika barua yake kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Lord Granville, iliyoandikwa Ujiji Novemba 1871, alieleza mauaji kwa urefu. Wasafiri hao wawili walikwenda pamoja hadi Unyanyembe, wakafika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, mwezi Februari 1872. Tarehe 14 Machi waliagana. Stanley alielekea pwani akiwa na barua hizo na shajara kubwa iliyofungwa kwa lakiri, ambayo mpaka leo wataalamu huiita Shajara ya Unyanyembe.

Mchukuaji wa barua hizo hakuwa mgeni wa matumizi ya bunduki. Agosti 1871, wiki chache tu baada ya mauaji ya Nyangwe, Stanley na watu wake walikuwa wameungana na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, wakashindwa vibaya. Mirambo akaingia Tabora, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa viongozi wa Waarabu, akauawa. Habari za vita hivyo zilisomwa katika magazeti kama visa vya ushujaa, na zile za Nyangwe kama unyama. Msomaji wa leo anaona wazi kwamba tofauti ilitokana na nani aliyeshika kalamu, ingawa si haki kulinganisha vita vya watu wenye silaha pande zote na mauaji ya wanawake sokoni.

Barua za Livingstone zilichapishwa kuanzia katikati ya 1872. Katika mojawapo alisema kwamba kama habari zake zingesaidia kukomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki, angeona hilo kuwa kubwa kuliko kugundua vyanzo vyote vya Nile. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere Unguja. Baada ya kutishiwa kuzingirwa kwa manowari, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mkataba huo haukusema lolote juu ya bunduki.

Mchoro na kampeni

Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mnamo Mei 1873. Watumishi wake, wakiwemo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliubeba mwili na maandishi yake hadi Bagamoyo, wakipita tena Unyanyembe. Susi na Chuma walifika Uingereza, wakamsaidia mhariri Horace Waller kuzipanga shajara. Kitabu kilitoka mwaka 1874 katika juzuu mbili chenye michoro mingi, mmoja wao ukiwa ule wa mauaji ya Nyangwe.

Mchoraji hakuwepo Nyangwe. Alifanya kazi kutokana na maneno ya shajara, kwa mtindo wa michoro ya magazeti ya wakati huo, ambapo Mwafrika huonekana kama umati unaokimbia. Kwa hiyo picha si ushahidi wa sura ya soko wala ya watu wake. Thamani yake ni nyingine: ilimfanya msomaji asiyejua Lualaba iko wapi aone kwa jicho moja bunduki upande huu na wanawake upande ule. Kabla ya mabango ya rangi kuenea mijini, kazi ya bango la kisiasa ilifanywa na michoro ya vitabu na magazeti, na makanisani ikafanywa na picha zilizoangazwa ukutani kwa taa.

Wimbi la pili la kampeni liliongozwa na Kardinali Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe. Wamisionari wake walifika Tabora mwaka 1878, baadaye wakawa na kituo Kipalapala, na taarifa zao ziliingia katika hotuba alizotoa Paris, London na Brussels mwaka 1888. Wakati huu suala la bunduki liliwekwa wazi: wateka watumwa hawangeweza kazi yao bila baruti. Lavigerie hakupinga silaha kwa jumla. Alitaka wajitolea wenye silaha wawalinde wanyonge, na kapteni Léopold Joubert, aliyekuwa mwanajeshi wa Papa, alifanya kazi hiyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika.

Mkataba wa Brussels

Mkutano wa Brussels ulianza tarehe 18 Novemba 1889, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Washiriki walikuwa madola 17, miongoni mwao Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Marekani, Dola la Osmani, Uajemi, Dola Huru la Kongo na Zanzibar. Watemi wa Unyamwezi na machifu wa Manyema hawakualikwa.

Vifungu vya 8 hadi 14 vinahusu silaha. Vinaanza kwa kutaja madhara ya bunduki katika biashara ya watumwa na katika vita vya wenyeji. Kisha vinakataza kuingiza bunduki, baruti na risasi katika eneo lote kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi. Mkazo upo kwenye bunduki za mtutu wenye mifuo na zile za kisasa. Silaha zilizoruhusiwa zilipaswa kuwekwa katika ghala la serikali. Mwenye kibali alipewa hati yenye jina lake na alama iliyopigwa kwenye silaha yake, naye aliahidi kutoiuza wala kuitoa kwa mwingine. Mambo haya matatu, yaani ghala, kibali na alama, bado ni msingi wa sheria za silaha katika nchi nyingi.

Lakini mkataba ulikuwa na milango miwili. Kwanza, serikali ziliruhusiwa kuingiza silaha kwa majeshi yao. Pili, gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa kwa masharti mahali palipoonekana hapana hatari. Matokeo yake yalikuwa rahisi kutabiri: mwenyeji alibaki na gobore, na askari wa mkoloni akawa na bunduki ya kujaza kwa nyuma na bombomu. Tayari kuanzia Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeizingira pwani kwa manowari kwa sababu iliyotangazwa kuwa ni kuzuia watumwa na silaha, wakati Wajerumani walipokuwa wakipigana na Abushiri. Mkataba ulianza kutumika rasmi mwezi Aprili 1892.

Matokeo katika Unyamwezi

Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome, bunduki na akiba kubwa ya baruti. Alizima mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893 Tom von Prince aliivamia ngome yake. Isike alipoona imeingiliwa aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani yake pamoja na watu wa nyumba yake. Hakufa papo hapo, na Wajerumani wakamnyonga akiwa mahututi. Jina la Itetemia, makao yake, limebaki katika kata ya leo.

Kisa kingine ni cha Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja na wamisionari wa Kianglikana akaacha utumishi na kuwa mfanyabiashara. Alioa Limi, binti wa ukoo wa kitemi wa Kinyamwezi, na kwa undugu huo alipata wapagazi wengi kuliko Mzungu mwingine yeyote. Aliuza bunduki Buganda na kwingineko. Mwezi Januari 1895 alihukumiwa mashariki mwa Kongo na kapteni Lothaire wa Dola Huru la Kongo, akanyongwa kwa kosa la kuwauzia Waarabu silaha. Kelele zilipigwa Uingereza na Ujerumani, si kwa ajili ya waliouawa kwa bunduki zake, bali kwa kuwa Mzungu alinyongwa bila nafasi ya rufaa. Lothaire alishtakiwa akaachiwa.

Biashara ya watumwa ilipungua sana katika miaka hiyo. Ni vigumu kusema ni kwa kiasi gani mkataba ulichangia, kwa kuwa misafara yenyewe ilikuwa inavunjwa na utawala mpya. Katika Kongo silaha zilizoruhusiwa na mkataba zilitumika kuwalazimisha watu kukusanya mpira wa porini, na ukatili wake ukazaa kampeni nyingine ya picha mwanzoni mwa karne ya 20. Safari hii zilikuwa picha za kamera.

Waliouawa

Hakuna orodha ya majina ya waliouawa Nyangwe. Shajara inataja wapigaji, wafanyabiashara na machifu, lakini wanawake wa soko hawatajwi hata mmoja kwa jina, na mchoro haukuweza kuwapa walichonyimwa na maandishi. Hapo ndipo panapoonekana tofauti na kumbukumbu za siku hizi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya tarehe 2 Aprili 2015, Wakenya walisambaza majina na picha za wanafunzi waliouawa, wakikataa wahesabiwe kama idadi tu. Nchini Marekani, baada ya watu 17 kupigwa risasi katika shule ya Parkland, Florida, Februari 2018, maandamano ya tarehe 24 Machi mwaka huo yalijaa mabango yenye majina na sura za waliokufa, yakidai sheria kali zaidi za bunduki.

Udhibiti wa baadaye

Gobore halikutoweka Tanzania. Mafundi wa vijijini waliendelea kulitengeneza, na wawindaji kulitumia. Silaha za kivita zilienea baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979, na baadaye kwa sababu ya vita vya Burundi na Kongo. Miaka ya mwanzo ya 1980 wanakijiji wa Unyamwezi na Usukuma waliunda sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe, ambao baadhi yao walikuwa na bunduki. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na filimbi ya kuitana. Mwaka 1989 sheria iliwatambua.

Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitoa Azimio la Nairobi mwezi Machi 2000, kisha Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo. Itifaki hiyo inadai silaha zitiwe alama na kusajiliwa, kama ilivyodaiwa Brussels, ila safari hii waliotia sahihi ni serikali za eneo lenyewe. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza miezi miwili ya msamaha, Septemba na Oktoba, kwa wenye silaha wasizozimiliki kihalali kuzisalimisha bila kushtakiwa. Nchini Kenya bunduki 5,250 zilichomwa moto hadharani Ngong tarehe 15 Novemba 2016, na picha za moto huo zikasambazwa magazetini.

Tembe alimokaa Livingstone Kwihara limejengwa upya na ni makumbusho.